Kipimo cha Kwenda na Kurudi

Mtaani kwetu Njombe hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mkunga tu, ingawa alikwisha kustaafu zamani, na wengi aliowapokea duniani sasa walikuwa na watoto wao wenyewe. Mimi nilimwita Mama kwa adabu. Yeye aliniita Msomi kwa utani. Nyumba yake na ya shangazi yangu zilitenganishwa na ua wa mianzi, na kupitia ua ule nilimwona kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, amechuchumaa kando ya gari lake dogo jeupe na kipimo cha upepo mkononi, akipima tairi moja baada ya jingine.

Wahudumu wa sheli walimkwepa. Wakimwona anakata kona kuingia, kila mmoja alijifanya ana kazi kwenye pampu nyingine. Hakuwa mkali. Shida ni kwamba kwake tanki halikujaa pale pampu ilipojikata. Alishuka, akashika ukingo wa paa kwa mikono miwili, akalitikisa gari huku na huku ili hewa iliyojificha itoke, kisha akaagiza waongeze taratibu mpaka petroli ionekane shingoni. Nyuma yake bodaboda zilikuwa zinapiga honi.

"Bibi, litatapika," binti wa pampu alimwambia siku moja.

"Nani bibi yako?"

"Samahani, Mama. Litatapika."

"Nimewapiga matako watoto waliogoma kulia, wakalia. Hili ndilo litakalonishinda?"

Kisha alirudi garini, akabonyeza kijiti kwenye dashibodi, na ile namba ndogo ya safari ikarudi sifuri. Alikwenda Makambako, akarudi Njombe, akajaza tena pale pale kwa mtikisiko ule ule, akagawa kilomita kwa lita zilizoingia. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya mafuta, na aliishika kama wengine wanavyoshika sala ya asubuhi.

Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani bila kazi, nilikuwa mtu asiyetulia. Nilizunguka uani kwa shangazi, nikatuma maombi, nikabishana na redio. Mkunga aliniuliza kupitia ua nilisomea nini.

"Takwimu, Mama."

"Basi ingia garini uone takwimu zinazotembea."

Ndivyo nilivyoanza kwenda naye Makambako Jumamosi. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, na kwa sababu sikumwamini. Sikuamini kwamba mtu anaweza kulijua gari kiasi kile, au kwamba kutikisa kunabadilisha lolote. Zaidi ya yote, sikuamini watu wenye misemo, na yeye alikuwa nayo. "Gari halinywi, anayekunywa ni dereva." "Mafuta yanaokolewa na macho, si mguu." Huu wa pili nilimwomba aueleze, maana ulinikera. Alinyoosha kidole mbele. Mbali sana, mahali barabara inapopanda katikati ya mashamba ya mipaina, lori la mbao lilikuwa linajikokota. Mkunga alikuwa amekwisha kuinua mguu. Tulisogea kwa nguvu ya mwendo tuliokuwa nao, bila breki, bila haraka, na tulipolikaribia lori barabara ilikuwa imenyooka na kuwa tupu. Tukalipita kwa gia ile ile.

"Asiyeona mbali," alisema, "anakanyaga mafuta, halafu anayakanyagia breki. Amelipia mara mbili kitu ambacho hakukitumia."

Nilikuwa natafuta kasoro.

Kasoro zilikuwepo. Aliamini petroli ya asubuhi ya baridi ni nyingi kuliko ya mchana, lita kwa lita. Nilimwambia tanki la sheli limezikwa ardhini, na kule chini hakuna asubuhi wala mchana. Aliniuliza kama nimewahi kushuka kwenye tanki hilo. Hatujaafikiana mpaka leo. Aliamini pia kwamba gari linakunywa zaidi likibeba watu wanaogombana, na hapo nilicheka mpaka akanitishia kunishusha.

Lakini kasoro kubwa niliiona kwenye sheli yenyewe. Njombe ni mji wa miteremko, na sheli ile imekaa juu ya mmojawapo. Jumamosi moja alijaza gari likiwa limetazama juu, nyingine likiwa limetazama chini, kutegemea foleni. Nikamwambia tanki lililoinama halijai sawa, kwa hiyo vipimo vyake vya miaka yote vimeyumba. Alinitazama kama nimemwambia mizani yake ya kupimia watoto ilikuwa mbovu. Wiki nzima hakuniita kupitia ua. Jumamosi iliyofuata alifika sheli, akakuta pampu ya upande wa kutazama juu ina gari, akasubiri, akazima injini, akasubiri tena. Binti wa pampu alimwita upande wa pili ulio wazi.

"Sitaki," alisema. "Msomi anasema tanki lina kichwa na miguu."

Hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Ila tangu siku hiyo gari lilijazwa likiwa limetazama juu, hata kama foleni ilifika barabarani.

Kuna jambo moja ambalo sikuweza kulipinga. Njombe iko juu, Makambako iko chini yake. Ukitoka kwetu unashuka zaidi ya unavyopanda, na gari lolote linaonekana lina adabu. Kwa hiyo Makambako imejaa wanaume wanaoapa kwamba magari yao hayanywi. Mmoja wao alikuwa shemeji yake Mkunga wa mbali, mfanyabiashara wa viazi mwenye Noah, ambaye kila akitukuta alianza.

"Shemeji, kamwene. Mimi leo nimetoka Njombe, sindano ya mafuta haijasogea kabisa."

"Kamwene, shemeji. Na kurudi?"

"Aa, kurudi ni habari nyingine."

"Hata mimba, shemeji, kuingia ni rahisi. Habari ya kutoka niulize mimi."

Wapakiaji wa viazi walianguka juu ya magunia kwa kicheko. Yule bwana hakutaja sindano tena mbele yetu. Kwa Mkunga safari ya upande mmoja haikuwa safari, ilikuwa majigambo. Kipimo ni kwenda na kurudi, basi.

Nilitaka kujua alianzaje haya yote. Alinisimulia habari za ujana wake Makete, kwenye kituo kidogo cha afya juu milimani, walipokuwa na gari moja na mafuta ya kuhesabu. Mama mwenye uchungu uliokwama alipaswa kuvushwa mlima, kupitia nyika ya Kitulo, na lazima ujue kabla ya kuwasha gari kama mafuta yatafika. Lakini mara moja alisimulia kwamba mafuta yaliisha njiani wakasukuma. Mara nyingine yalitosha kwa sababu dereva alisikiliza ushauri wake. Mara ya tatu hawakuondoka kabisa, wakazalisha pale pale kwa taa ya chemli. Nikamuuliza ipi ni ya kweli.

"Zote. Unadhani nilivuka mlima ule mara moja?"

Hivyo hivyo kuhusu kushuka mlima kwa frii, yaani kuitoa gia na kuliachia gari lishuke lenyewe, ambayo madereva wetu wengi wanaamini inaokoa mafuta. Mkunga hakuruhusu. Nilisoma, nikamletea sababu: injini za siku hizi, ukishuka na gia bila kukanyaga, zinakata petroli zenyewe, lakini ukiitoa gia zinaendelea kunywa ili zisizime. Nilitegemea atafurahi kwamba sayansi iko upande wake.

"Sababu yako ni nzuri," alisema. "Yangu ina makaburi."

Hakushika kanuni zake bila kupinda. Alitoa kila kitu kwenye buti kwa sababu uzito ni mafuta. Alinigombeza kwa begi la vitabu. Keria ya juu aliifungua akaigeuza kichanja cha kukaushia vyombo. Halafu, kilomita chache nje ya mji, akasimama kumpakia mama mwenye magunia mawili ya viazi, na kuku. Asubuhi hakuliacha gari liungurume bure kupata joto ("linapata joto kwa kutembea, kama wewe"), lakini nilimwona akimsubiri mzee mmoja amalize kuvaa viatu, injini ikiwaka na hita imefunguliwa yote, kwa sababu mzee alikuwa anatetemeka. Nilimkumbusha kanuni zake.

"Hizo ni za gari," alisema.

Sasa niseme tulikuwa tunakwenda kufanya nini Makambako.

Alikuwa na mdogo wake kule, mjane wa mfanyabiashara wa malori aliyetoka mkoa mwingine. Aliishi na watoto wake karibu na reli, upepo ukipiga mabati mchana kutwa. Kiharusi kilimlaza yule mdogo upande mmoja, na kilimchukulia kitu ambacho sikujua kwamba kinaweza kuchukuliwa: Kiswahili. Alikisoma shuleni, akauzia nacho duka, akalelea nacho watoto, na asubuhi moja kikaondoka chote. Kilichobaki ni Kibena cha utotoni. Watoto wake walikulia Makambako kwa Kiswahili cha baba yao. Dada wa kazi alitoka mbali. Ndani ya nyumba ile iliyojaa watu wanaompenda hakuna aliyejua anasema nini. Walimletea maji alipotaka kugeuzwa, wakamgeuza alipotaka mlango ufungwe.

Jumamosi Mkunga alifika, akakunja mikono ya sweta, akamwogesha mwenyewe, na wakaongea. Mungu wangu, waliongea. Kibena changu ni cha salamu, sikufuata hata robo. Nilikaa barazani nikisikia wazee wawili wakicheka kwa lugha ambayo nilipaswa kuijua. Jioni Mkunga aliwapanga watoto mstari na kuwatafsiria wiki nzima: anasema mto uko juu mno, anasema usiku kuna mtu anaacha redio, anasema wewe umekonda.

Nilimuuliza kwa nini asipande Kosta. Magoti, alisema. Stendi mbali. Maziwa yatamwagika. Sikuridhika na jibu lolote kati ya hayo, lakini nilimwona mara moja akijaribu kupanda ngazi ya Kosta, mkono mmoja mlangoni, kondakta akimhimiza, na sikuuliza tena.

Mwanawe Mkunga wa Dodoma ndiye ambaye hakuchoka kumsihi. Alipiga simu kila Jumapili. "Mama, uza hilo gari. Umri huo barabara ya malori?" Siku moja Mkunga aliweka simu kwenye spika ili nami nisikie, maana alitaka shahidi.

"Sikiliza, baba. Gari likiwa bovu litakunywa. Dereva akiwa mbovu litakunywa. Siku likianza kunywa, nauza. Kabla ya hapo usinipigie kwa habari hiyo."

"Umeahidi, Mama?"

"Msomi huyu hapa amesikia."

Alikata simu akiwa ameridhika. Alikuwa amempa mwanawe kipimo ambacho yeye mwenyewe alikiamini, na kwa miaka kipimo kile kilikuwa upande wake: kilomita kumi na nne kwa lita, wakati mwingine na kidogo juu yake.

Mwaka jana mvua zilipoisha kipimo kikaanza kushuka. Kumi na tatu. Halafu kumi na mbili. Mkunga alisema ni upepo wa Makambako, ambao kweli ukiwa mbele yako unakuzuia kama mkono. Upepo ukatulia, kipimo kikafika kumi na moja. Akasema matairi. Akasema mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa, tukabadilisha sheli, na kosa likawa lile lile. Akalipeleka gari kwa fundi. Fundi alisafisha nozeli, akabadilisha plagi na eya klina, akainua kila gurudumu na kulizungusha kwa mkono kuona kama breki imeshika.

"Mama," alisema akijifuta mikono, "gari hili lingekuwa mtu ningelipeleka jeshini."

Jibu hilo halikumfurahisha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natazama mguu wake. Mbele yetu kulikuwa na lori linalopanda, dogo bado kama kiberiti. Mguu haukuinuka. Tulikwenda, tukakwenda, kisha ghafla akakanyaga breki nikashika dashibodi. Gia ya tatu, ya pili, kukanyaga tena. Lori jingine, breki tena. Nilikuwa nimekwisha kuyaona haya kwa wiki kadhaa, lakini nilikuwa nayaita uchovu.

Najua namna moja tu ya kutafuta ukweli: badilisha kitu kimoja, acha vingine kama vilivyo. Nikamwambia Jumamosi ijayo niendeshe mimi. Sheli ile ile, gari limetazama juu, mzigo ule ule, sisi wawili wale wale. Alifurahi kuliko nilivyotegemea.

"Vizuri. Ukipata hiyo kumi na moja, nampigia Dodoma nimwambie ni petroli."

Tulikwenda. Alikaa kiti cha abiria mikono mapajani, hakunisahihisha neno, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Niliendesha kama alivyonifundisha bila kujua ananifundisha: mguu mwepesi, macho mbali. Tulirudi jioni, tukaingia sheli, akashuka kutikisa. Mimi niliomba kimoyomoyo, mimi nisiyeomba, pampu iendelee kuhesabu.

Ilisimama mapema. Binti wa pampu, ambaye hakujua lolote, akasema kwa moyo mweupe, "Leo limekunywa kidogo, Mama. Kama zamani."

Mikono ya Mkunga ilibaki juu ya paa. Njia ile haikubadilika urefu, hakuhitaji kugawa.

"Jumamosi moja haithibitishi kitu," nilisema. Nilisikia sauti yangu ikikimbia. "Upepo ulikuwa nyuma yetu. Inabidi turudie mara nyingi."

"Upepo wa Makambako naujua. Haujui nani ameshika usukani."

Garini aliniuliza, akitazama mbele, "Lile lori la mbao tulilolikuta leo. Uliinua mguu ulipoona nini?"

"Nililiona lori, Mama. Lilikuwa mbali, linaanza kupanda."

"Mimi sikuliona. Nililijua kwa mguu wako."

Daktari wa macho alisema si mtoto wa jicho, ambaye angeweza kuondolewa. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa matone. Mkunga alinieleza hayo kupitia ua, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwapa wazazi majibu, kisha akampigia mwanawe yeye mwenyewe, siku ambayo haikuwa Jumapili. Hakuweka spika.

Miezi iliyofuata nilimwendesha mimi. Alifumba macho njiani na kusikiliza injini. "Umechelewa gia," alisema. "Sasa umewahi." Kipimo kilirudi kumi na nne, lakini hakikuwa tena na mtu wa kumtetea. Kisha ombi langu moja likajibiwa, kazi Dodoma. Niliificha barua siku kadhaa, nikizunguka uani kama zamani. Nani atampeleka? Mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kuondoka kuliko kijana yeyote mtaani, na sasa nilikuwa natafuta sababu ya kutotoka. Nilipomwambia, hakuninyamazia wala kunibembeleza.

"Nenda," alisema. "Mimi sikukupokea duniani ukae."

"Na Jumamosi, Mama?"

"Jumamosi nimezifikiria."

Mara ya mwisho nilipokuwa naye ilikuwa Jumamosi, kama kawaida. Gari lilikuwa limepata mnunuzi hapa hapa Njombe, amekubali kulipokea jioni. Kwenye buti, ambalo kwa miaka halikubeba kitu chake zaidi ya tairi la akiba, niliweka godoro lililokunjwa, masanduku mawili, sufuria, na ile keria ya vyombo aliyokataa kuiacha. Viti vya nyuma vilijaa. Gari lilikaa chini kama kuku anayeatamia, na hakusema lolote kuhusu uzito.

Tukaingia sheli. Niliegesha likitazama juu. Pampu ikajikata, nikasubiri mlango wake ufunguke. Haukufunguka. Binti wa pampu aliinama dirishani.

"Shikamoo, Mama. Leo hutikisi?"

"Marahaba, mwanangu. Leo umepona."

Nikarudi kwenye usukani, nikapeleka kidole kwenye kijiti cha sifuri kwa mazoea. Akaushika mkono wangu.

"Utapima nini?" alisema. "Leo ni kwenda tu."

Tulishuka Makambako. Mdogo wake alisikia gari, akaanza kuongea kabla hatujafika mlangoni, na Mkunga akamjibu akiwa bado barazani, kwa sauti ya juu, akinipa mgongo. Watoto wa nyumba walibeba godoro. Niliteremsha vitu, nikanywa chai, nikaaga kwa Kibena changu cha salamu, na wote wawili wakanicheka.

Nilirudi peke yangu, gari likiwa jepesi, njia yote ikipanda. Kwenye mashamba ya mipaina nikaliona lori la mbao, mbali, dogo kama kiberiti. Nikainua mguu.